Barua ya Wazi kwa Kanzidata ya Taarifa za Mikopo

Kwa Mheshimiwa Kanzidata,
Benki Kuu ya Tanzania.

Shikamoo. Kanuni zilizokuzaa ni za mwaka 2012, kwa hiyo kwa umri wewe ndiye ungepaswa kuniamkia. Lakini kwetu Ngara na Biharamulo, anayejua madeni ya watu huamkiwa kwanza, hata awe mtoto.

Tunakupongeza kwa kazi. Kila benki nchini ni lazima ikuletee habari za wakopaji wake, na kabla ya kumkopesha mtu ni lazima iulizie habari zake. Kampuni kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet hugeuza habari hizo kuwa ripoti: fulani alikopa wapi, kiasi gani, alichelewa mara ngapi, amebakiza nini. Wenyeviti wetu wa vitongoji, ambao hujua nani kapika nini jana, hawajafikia hapo.

Ila macho yako, Mheshimiwa, yana mambo. Mchukue mama lishe wa Benaco anayewapikia madereva wa malori ya Rusumo. Hukopa kwenye kikundi chake cha VICOBA, hurejesha kila wiki na riba juu, mwaka hadi mwaka. Ushahidi wake umo kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, na sanduku hilo wewe hulijui. Akienda benki anaambiwa hana historia. Sasa ngoja akope elfu kumi na tano kwa simu kupitia benki, simu itumbukie kwenye sufuria ya maharage, deni lisahaulike. Hapo ndipo utakapomfahamu, kwa jina na tarehe!

Halafu mchukue mwalimu wa Nyakanazi. Kadi yake ya benki na namba ya siri vimelala kwenye droo ya mkopeshaji wa kausha damu, na mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayepanga foleni. Taratibu za utumishi zinataka theluthi ya mshahara ibaki. Inabaki kweli, ila kwa mkopeshaji. Kwako mwalimu huyo hana doa. Na mkulima aliyeuza kahawa yake kwa butura, ikiwa bado maua mtini? Serikali imeipiga marufuku butura miaka nenda rudi, nawe huna hata safu ya kuiandika.

Hayo tungeyavumilia. Linalotuuma ni majina. Wewe humtambua mtu kwa namba ya NIDA, na sisi tunaishi mpakani, Rwanda kule na Burundi huku. Kijana wa Kabanga akiomba kitambulisho huulizwa babu yake alizaliwa wapi, na babu mwenyewe huulizwa hivyo hivyo. Wakati majibu yanasubiriwa, kijana anahitaji laini ya simu, basi kaka mwenye kitambulisho anamsajilia. Laini ikikopa, deni linasomeka kwa kaka. Kaka anakwenda kuomba mkopo wa bodaboda, anaambiwa ni mdaiwa sugu, naye hajawahi kukopa hata kiberiti. Kuna na yule ambaye jina lake la Kihangaza limeandikwa kwa herufi moja benki na nyingine kwenye kitambulisho; mtu mmoja, ripoti mbili, na lawama zote za kwake.

Tunajua haki zetu. Mtu anaweza kuomba ripoti yake mwenyewe, na akikuta deni asilolijua anaweza kulipinga kwa maandishi ili benki iliyolipeleka ilihakiki. Ni haki nzuri sana, imehifadhiwa vizuri mjini. Tawi la Benki Kuu lililo karibu zaidi nasi liko Mwanza. Tunashukuru kwamba tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, kwa hiyo sasa mkulima wa Rulenge anaweza kwenda kuuliza kwa nini jina lake lina deni la mtu mwingine bila kusubiri pantoni. Nauli, bila shaka, atakopa.

Ombi letu ni dogo. Daftari la kikundi kilichosajiliwa halmashauri lihesabike kuwa historia. Na mara moja kwa mwaka, siku ya mnada, weka meza Ngara mjini na nyingine Biharamulo, mtu aje na kitambulisho chake aoneshwe anachodaiwa.

Nanyi majirani mnaoisoma barua hii kabla haijamfikia mwenyewe: pigeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba zenu za NIDA. Ombeni ripoti kabla ya kuomba mkopo, si baada ya kunyimwa. Vimikopo vya simu vilipeni kwa tarehe yake, kwani vidogo ndivyo vinavyosahaulika. Na ukimaliza deni, usitoke kaunta bila barua inayosema umelimaliza.

Ndimi, mkopaji mtarajiwa,
Ngara.