Singeli Haifiki Ihumwa

Mwaka 1911 Mmarekani mmoja, Leonard Ayres, alichapisha hesabu zake kuhusu mbio za baiskeli za siku sita zilizofanyika New York, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden. Humo ukumbini kulikuwa na bendi. Ayres akapima: bendi ikipiga, waendeshaji walikwenda wastani wa maili 19.6 kwa saa. Bendi ikinyamaza, walishuka hadi maili 17.9. Kwa kilomita ni kama 31.5 na 28.8. Watu walewale, baiskeli zilezile, tofauti ni tarumbeta tu.

Mjomba wangu hakuwahi kusikia habari za Ayres, na angeambiwa angecheka, maana yeye jambo hilo alilijua kwa njia ya betri.

Alikuwa na baiskeli nyeusi aina ya Phoenix yenye keria ya kubebea gunia, na mbele kwenye usukani alifunga rediokaseti kwa mipira ya tyubu. Akitoka Hombolo na matenga ya zabibu kuyaleta Soko la Majengo mjini Dodoma, walio barabarani walimsikia kabla ya kumwona. Kaseti ilikuwa moja: Mbaraka Mwinshehe upande huu, Mbaraka Mwinshehe upande ule. Betri zikiwa mpya, mjomba alipita wima wima, kabla hujaijibu salamu yake keshapotea. Zikichoka, sauti ya Mbaraka ilianza kuzama, gitaa likavutika, na miguu ya mjomba nayo ikavutika vilevile. Mwenyewe hakupenda, ila miguu ilikuwa ya Mbaraka. Hapo alishuka, akazitoa betri, akaziuma moja moja kwa meno ya nyuma, akazianika juu ya jiwe, akakaa chini ya mbuyu kusubiri jua limtengenezee muziki. Zabibu zilizosafiri na betri mpya zilifika sokoni zikiwa zabibu. Zilizosafiri na betri chovu zilifika zikiwa zimeshaanza safari ya kuwa divai.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores, Uingereza, walifanya jambo lilelile bila zabibu. Walichukua wanaume 12, wakawapandisha kwenye baiskeli zisizokwenda popote, wakawapigia nyimbo zilezile kwa kasi ya kawaida, kisha zikiwa zimeongezwa au kupunguzwa kasi kwa asilimia 10, bila kuwaambia. Muziki ulipopunguzwa, nguvu ya kukanyaga ilishuka kwa karibu asilimia 10. Wakaandika makala ya kitaalamu. Kwa kuwa hakuna aliyeuma betri, kwangu mimi bado hawajamfikia mjomba.

Mimi nimeurithi ugonjwa, rediokaseti yenyewe siku hizi inafuga mende. Nakaa Nzuguni, kazi ninafanya Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na naenda kwa baiskeli huku wenzangu wananipita ndani ya mashangingi yaliyofungwa vioo. Si umbali wa kutisha. Kinachotisha ni upepo. Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa Dodoma unatoka mashariki, na Mtumba, kwa bahati iliyopangwa na mtu asiyepanda baiskeli, iko mashariki. Asubuhi unaukanyaga uso kwa uso, na vumbi lake, na makaratasi yanayokuja kukukumbatia kifuani. Ukiacha kukanyaga kidogo tu, baiskeli inasimama kama punda aliyeona nyoka. Mtu katika hali hiyo lazima awe na wimbo.

Nikanunua spika ndogo ya memori kadi, nikaipeleka kibandani kwa kijana anayeingiza nyimbo. Nikamwambia aweke kitu cha kunisukuma.

“Braza, niachie mimi,” akasema. “Hii itakufikisha kabla hujaondoka.”

Akajaza singeli kadi nzima.

Singeli naipenda, isije ikaonekana nina chuki. Lakini singeli ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, na ni muziki wa usawa wa bahari. Sisi huku tuko mita 1,100 na kitu juu yake. Tena midundo yake inavuka 200 kwa dakika, na nyimbo nyingine zinakaribia 300. Fanya hesabu: dundo moja kwa mguu mmoja, midundo 200, maana yake pedali zizunguke mara 100 kila dakika. Huo ni mzunguko wa washindani wa Tour de France, wenye gia za kila namna na gari la kuwafuata na maji. Mimi Phoenix yangu gia ni moja, na chakula cha mchana nimekifunga kwenye keria. Kabla ya kufika Ihumwa, iliyo njiani, msanii alikuwa ameshamaliza nyimbo tatu na mimi nimemaliza pumzi. Kikaja kizee na baiskeli iliyobeba madumu manne ya maji, hakina muziki wowote, kikanipita kikiniambia pole.

Sasa yaliyotokea Ihumwa.

Spika ile ilikuwa inazimwa kwa kitufe cha mpira, na vumbi la Dodoma ni jembamba kuliko unga wa uwele, linaingia hata pale hewa inapokataliwa. Asubuhi moja nikaona turubai mbele, mabenchi, wanaume wamekaa vichwa chini, akina mama kwenye mikeka wamejitanda khanga. Msiba. Kwa heshima ya kawaida nikashuka ili nipite nikikokota baiskeli, na nikabonyeza kitufe. Hakikurudi. Nikabonyeza tena, kikazama moja kwa moja, na spika ikaongeza sauti yenyewe. Nikaifunika kwa koti. Singeli ikawa inatoka ndani ya koti. Nikajaribu kuifungua mipira ya tyubu niliyoifungia kwenye usukani, lakini niliikaza vizuri mno kwa ajili ya mashimo ya barabara. Kwenye mabenchi vichwa vikaanza kuinuka kimoja kimoja.

Mzee mmoja akanyanyuka na fimbo yake, akaja taratibu.

“Mbukwenyi,” nikamwamkia kwa Kigogo, nikitumaini lugha itanisaidia.

“Mbukwa, mjukuu wangu. Hicho kitu hakizimiki?”

“Hakizimiki, babu. Kimeingia vumbi.”

Akakitazama kwa muda, akanitazama na mimi.

“Basi panda uende nacho. Wewe ukisimama, nacho kinasimama hapa na sisi.”

Ilikuwa hoja isiyo na jibu. Kwenye mikeka mama mmoja alikwishajificha uso kwenye khanga, mabega yanacheza, na sidhani kama yalikuwa ya kilio. Nikapanda. Na hapo, upepo uleule, Phoenix ileile, nikaipata singeli sawasawa, mguu kwa dundo, dundo kwa mguu, mpaka lile turubai lilipofichwa na migunga. Ayres angekuwepo na saa yake angeondoka na namba nzuri sana.

Jioni nilirudi kutoa pole na rambirambi kama inavyopasa. Mzee alikuwa palepale. Akanipokea kwa mikono miwili, akachungulia nyuma yangu.

“Sasa umekuja bila bendi?”

Baada ya hapo nikahamia kwenye hedifoni za barabarani, zile za bei ya soda chache. Hizi zina tabia moja njema ambayo mtengenezaji hakuikusudia: upande mmoja hufa mapema. Sikio moja linabaki kwa wimbo, la pili linabaki kwa Dodoma, na Dodoma ya leo inahitaji sikio zima. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, ving'ora vya misafara vimekuwa sehemu ya hali ya hewa. Ukiwa umeziba masikio yote mawili utashangaa kuona barabara nzima imepisha, bajaji ziko mtaroni, bodaboda wamezima injini, na wewe peke yako uko katikati ya lami unakanyaga kwa Diamond Platnumz huku trafiki anakupungia mikono miwili. Kama hedifoni zako zinafanya kazi pande zote, toa moja mwenyewe.

Kuna aliyenishauri kwamba nikiwa Ugogo nisikilize muziki wa Wagogo. Ushauri mzuri kwa mtu aliyekaa. Huu ndio muziki uliomtoa Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doguwe hapa Dodoma mwaka 1938, akazunguka dunia na ilimba na zeze mpaka alipofariki mwaka 2003. Ilimba yenyewe, ile marimba ya vidole gumba, inanifaa, kwa sababu ina ule mlio wa kuvuma pembeni ya nota, na madigadi yangu ya nyuma imelegea, kwa hiyo tunapiga pamoja. Tatizo ni muheme. Ngoma ile ni ya akina mama, wanaibana mapajani na kuipiga, na ukiisikiliza ukiwa umekaa mwili wote unaitikia. Ukiisikiliza ukiwa juu ya pedali, dundo linaangukia katikati, mguu wa kulia umeshapita na wa kushoto haujafika. Nimeona niuheshimu muheme nikiwa nimeegesha.

Kilichonipa haki yangu ni dansi, ile ya mjomba. Chukua wimbo wowote wa DDC Mlimani Park au Juwata Jazz wa enzi zile. Unaanza polepole, mwimbaji ana malalamiko yake, anayaeleza bila haraka, kapendwa, kaachwa, majirani wamesema. Sehemu hiyo ina kasi ya mtu anayekanyaga dhidi ya upepo kwenda Ihumwa. Halafu, mwimbaji akishamaliza kulia, magitaa yanashikana, tarumbeta zinaingia, wimbo unachemka, na kwa kawaida wakati huo nami nimefika penye mteremko mdogo au nyuma ya lori la kokoto linalokata upepo. Watunzi wale hawakuwa na habari na baiskeli yangu, lakini hakuna aliyeitungia vizuri zaidi.

Kwa hiyo wewe unayehamia Dodoma na baiskeli, asubuhi weka dansi. Singeli ibaki ya jioni, unaporudi na upepo uko mgongoni, maana hapo hata maiti ya baiskeli inakwenda. Na ukinunua spika, chagua yenye swichi ya kusogeza. Ya kubonyeza, vumbi letu linaimaliza kabla Oktoba haijafika.