Risala kwa Mheshimiwa Maumivu ya Kisigino

Ndugu mgeni rasmi, Mheshimiwa Maumivu ya Kisigino, meza kuu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Sisi wasimamaji wa kudumu, yaani walimu, wauguzi wa zamu, vinyozi, mama lishe, askari wa lindo na wauza duka, tumeona ni heri tukusifu hadharani, maana kukulaani kila asubuhi hakujatusaidia.

Kwanza tunakupongeza kwa kuwahi kazini. Maumivu ya kichwa hungoja bosi apaze sauti, na ya tumbo hungoja pilau la shughuli. Wewe unaripoti mtu hajamaliza hata kupiga miayo. Anashusha mguu kitandani, anakanyaga sakafu, na papo hapo anakumbuka majina ya watakatifu wote. Hatua za kwanza ni zako peke yako. Baada ya hapo unalegeza kidogo, ukimwachia afike msalani. Na mtu akikaa msibani saa mbili akadhani umeshaondoka, anapoinuka tu unamwamkia upya.

Ufundi huo una siri yake. Chini ya wayo upo utando mnene ulioanzia kwenye mfupa wa kisigino ukaenda mpaka kwenye mashina ya vidole, na ndio unaoshikilia lile tao la katikati ya mguu. Utando huo ukilemewa siku nyingi huchakaa pale unaposhikana na mfupa. Usiku tunalala vidole vikielekea chini, nao unajikunyata. Alfajiri tunaukanyaga na kuuvuta ghafla. Hapo ndipo unapochoma, Mheshimiwa, chini ya kisigino, mara nyingi upande wa ndani. Kwa watu wazima hii ndiyo ofisi yako kuu, na wenye miaka 40 hadi 60 ndio wateja wako wakubwa.

Tunakusifu pia kwa kutobagua. Unamchukua mkimbiaji mwembamba aliyeongeza kilomita kwa pupa kwa ajili ya mbio za hisani, na unamchukua mnene asiyekimbia hata mvua. Wajawazito unao, wenye nyayo bapa unao, wenye nyayo zilizopinda mno unao, na wale ambao misuli ya shavu la mguu imewakaza ndio usiseme. Tulipofunika sakafu zetu kwa vigae vya kung'aa na kuvitembelea pekupeku, tulitaka wageni wavisifu. Wa kwanza kuvifurahia ukawa wewe.

Lakini kazi yako iliyotukuka kuliko zote ni kumsingizia mwiba. Mtu anapigwa picha ya eksirei, kinaonekana kijifupa kimechomoza kwenye kisigino, basi mtaa mzima unaonyeshwa bahasha ya kaki: mnaona, mwiba huu! Kumbe wapo watu wengi wenye mwiba huo wasiosikia lolote, na wengine wanaoumia hawana hata alama yake. Kutaka mwiba huo ukatwe ni kumfunga jirani wa mwizi kwa sababu tu nyumba zao zimepakana.

Mheshimiwa, tunasikitika kukuarifu kwamba wako wanaotumia jina lako. Yule anayeuma nyuma ya kisigino, pale kano nene ya shavu la mguu inapojishikiza, si wewe. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayechechemea baada ya mpira si mvivu: mfupa wake wa kisigino ungali unakua, na sehemu inayokua inavutwa na kano hiyohiyo. Apumzishwe mpira kidogo, na akishamaliza kukua kwa kawaida tatizo huisha. Kwa mzee huenda mto wa mafuta wa kisigino umepungua. Ganzi na moto huweza kutoka kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa. Kijana ambaye visigino vyote viwili vinamuuma na mgongo wake hukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, aende kwa daktari. Hilo laweza kuwa baridi yabisi ya uti wa mgongo. Na kuruta anayeruka akiminywa kisigino pande mbili, huenda mfupa umeingia ufa.

Aliyeanguka akashindwa kukanyaga, aliyevimba na kupata homa, mwenye kisukari aliyeona kidonda: hao hatuwasomei risala, tunawapeleka hospitali siku hiyohiyo.

Sasa changamoto. Tumegundua, kwa masikitiko yako, kwamba unachukizwa na vitu vya bei ndogo. Mtu akikaa kitandani kabla ya kukanyaga, akapakata mguu juu ya goti la pili na kuvuta vidole kuelekea ugokoni kwa sekunde 10, akarudia mara 10, unanuna. Akisukuma ukuta huku mguu wa nyuma umenyooka na kisigino kimegusa chini, unazidi. Akiviringisha wayo juu ya chupa ya plastiki yenye maji yaliyoganda, soksi mguuni, kwa dakika chache, unakosa raha. Viatu vyenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo unavichukia, hasa vikivaliwa hadi jikoni. Vidonge vya maumivu vinakunyamazisha kwa siku chache, ila mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aulize kwanza. Sindano ya kisigino hukutuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwarudiwa yaweza kuchana utando na kukausha ule mto wa mafuta, nawe ukapata ofisi mpya.

Silaha yako kubwa ni kutuchosha. Walio wengi, pengine tisa katika kumi, hupona bila kisu, ila baada ya miezi, wakati mwingine mwaka mzima. Na wewe unajua fika kwamba mazoezi ya ukutani tutayafanya siku nne kisha tutatafuta mafuta ya kuchua.

Risala haikosi maombi. Hatukuombi gari wala mabati. Tunaomba uage, hata kwa awamu. Na kwa kuwa mgeni rasmi haondoki mikono mitupu, tumekukusanyia kandambili zetu zote zilizolika upande mmoja. Zipokee, zote, usituachie hata jozi.