Bingwa wa Sinema za Zamani

Hapa Kikwe tunaye bingwa wa sinema za zamani. Ukimkuta kijiweni na kikombe cha kahawa, atakuapia kwamba waigizaji wa kweli waliishia kwa akina John Wayne. Hawa wa leo wanajua kulia na kupaka poda tu. Ushahidi wake ni Hatari!, ile filamu ya Howard Hawks iliyopigwa huku kwetu, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, ikatoka 1962 tukiwa tumeshajitawala.

Kujidai ni haki yake, sikatai. Waigizaji wenyewe walipanda magari wakafukuza vifaru na twiga wa kweli, na Hardy Krüger, Mjerumani, akanogewa hadi akanunua shamba Momella, chini ya Meru. (Leo mkimbize twiga na pikapu uone kama utatia sahihi mkataba wa filamu au fomu ya dhamana.)

Juzi mpwa wake akamwekea Hatari! kwenye simu, zaidi ya saa mbili na nusu. Bingwa akaanza kukoroma kabla ya kifaru wa kwanza, na kifaru huyo anatokea mwanzoni kabisa! Alipozinduka, akaikodolea skrini, kisha akamrudishia kijana simu yake kwa masikitiko.

“Mjomba, wamekuuzia feki. Yenyewe haikuwa na rangi.”