Istanbul na Begi Dogo: Namna ya Kujitoa Kimasomaso kwa Lenzi Moja

Tuelewane mapema, msafiri mwenzangu. Unataka picha nzuri, na unataka pia watu wakuone mpiga picha. Yote mawili ni halali, ila usiyabebe kwenye begi moja.

1. Sifa zitafute nyumbani. Siku moja kabla ya safari toa kila ulicho nacho: kamera, lenzi zote, flashi, tripodi, hata lile chujio ambalo hujawahi kulifungua. Panga juu ya shuka jeupe, panda kiti, piga kwa simu, weka status. Makopakopa yakishaingia, rudisha karibu vyote kabatini. Ulichokitaka kwa vifaa hivyo umeshakipata, tena bila kuvipandisha ndege.

2. Beba lenzi moja ya milimita 35. Turkish Airlines inakuruhusu begi la mkononi la kilo 8 kwenye daraja la kawaida, na humo lazima viingie sweta na dawa zako. Lenzi ndefu za 70–200 za kizazi kilichopita, zile ambazo wapiga picha wa harusi huazimana, hukaribia kilo moja na nusu kabla hujazifunga kwenye kamera. Sasa ipandishe hiyo kutoka Karaköy hadi mnara wa Galata, mlima mtupu, halafu uniambie kama mkono utatulia. Kwa sehemu zinazohitaji upana, kama chini ya kuba la Süleymaniye, tumia simu. Lenzi yake pana inatosha. Mtu akikuuliza lenzi nyingine ziko wapi, mjibu taratibu kwamba mpiga picha Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya milimita 50 tu. Hana la kuongeza huyo.

3. Betri zote za akiba ziende mkononi, pawabanki pia. Ni sheria ya usafiri wa ndege: betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni wati-saa 100. Pawabanki ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hiyo uko salama. Funika ncha za betri kwa kipande cha selotepu.

4. Adapta nunua moja tu. Soketi za Uturuki zina matundu mawili ya mviringo, plagi zetu zina meno matatu bapa. Wenzako watanunua adapta tatu na kupoteza mbili. Wewe chukua ekstensheni fupi ya nyumbani, adapta moja iingie ukutani, kisha chaja ya kamera, simu na pawabanki vyote vichomekwe kwenye ekstensheni.

5. Tripodi iache. Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote, basi nisikilize vizuri. Usiku nenda ufukweni Eminönü, tafuta ukuta mfupi unaotazama maji. Kunja skafu mara nne, iweke juu ya ukuta, laza kamera juu yake, inua pua ya lenzi kidogo kwa kuikunja ncha ya skafu. Weka kipima muda cha sekunde 2, bonyeza, ondoa mkono, shusha pumzi. Picha itatoka kali, taa za mnara zimetulia, na maji yamelainika. Usijaribu kwenye kivuko kinachokwenda Kadıköy: injini inatetemesha kila chuma, skafu haisaidii kitu. Na kwenye daraja la Galata wavuvi wamejipanga ukingoni na fimbo zao, usiwasukume. Wasalimie, omba ruhusa, wapige wao. Mpiga picha Ara Güler, aliyefariki 2018 akiwa na miaka 90, aliwafuata wavuvi na mabaharia wa mji huo kwa kamera ndogo, na picha zake ndizo dunia inazozikumbuka.

6. Asubuhi lala mpaka uchoke, picha yako inakusubiri machweo. Saa ya Istanbul ni sawa na yetu, lakini jua lake si letu. Sisi tulio karibu na ikweta jua linazama karibu saa ileile mwaka mzima, na giza linashuka kama pazia. Kule mwezi Juni linazama saa mbili na nusu usiku imeshapita, Desemba linawahi kama saa kumi na moja na nusu jioni, na wekundu unabaki angani muda mrefu kuliko ulivyozoea. Tazama saa ya machweo kwenye simu, ufike nusu saa kabla, na usiondoke jua likizama. Wengi hufungasha hapo. Wewe subiri taa za misikiti ziwake mbingu ikiwa bado ya samawati. Picha ya dakika hizo hukufanya uonekane umesomea.

7. Ukirudi, onyesha picha kumi na mbili. Zisizo na ukali, zilizopinda, zenye kidole chako, zote zibaki kwenye kadi. Watu watadhani mia tatu zilizobaki ni kama hizo, nawe usiwasahihishe. Wakiomba zaidi, waambie bado unachambua, kisha waandalie chai.