Supaglu Haivushi Mtu

Makuyuni ninayoisema ni ile ya Korogwe, mkoani Tanga, si ile ya Monduli ambako magari ya watalii huchepuka kwenda Manyara. Korogwe ina mkonge, ina vumbi, na ina Mto Pangani unaoshuka kwenda Hale na hatimaye baharini. Bahari yenyewe iko mbali. Kwa hiyo atakayesimama kijiweni pale na kuanza habari za kukarabati mitumbwi ya plastiki iliyotumika, ataulizwa kwanza kama amekunywa chai. Ila plastiki si ngeni kwa watu hao. Kuna dumu la njano la lita 20, ndoo, beseni, kiti, na kwa aliyejaliwa, simtank nyuma ya nyumba. Ule mtumbwi wa rangi ya chungwa unaolala kwenye mchanga wa hoteli za pwani ukingoja mgeni ni ndugu wa tumbo moja na simtank: unga wa poliethilini hutiwa ndani ya kalibu, kalibu ikazungushwa kwenye tanuri mpaka unga uyeyuke na kutandaa ukutani, kisha chombo kikapozwa na kutolewa kizima, bila mshono. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayejua kuziba simtank amekwisha kujua kutengeneza mtumbwi, na aliyeshindwa na mtumbwi alianza kushindwa kwenye ndoo. Sehemu kubwa ya ajali za vyombo hivi, kuanzia shati lililolowa hadi samaki waliorudi mtoni wakiwa hai na wenye furaha, inatokana na kosa moja, nalo ni kuziba plastiki kwa kitu kisicho ndugu yake.

Tuanze na mtuhumiwa mkuu, supaglu. Kichupa kile kinauzwa kila duka na ahadi yake inajulikana: tone moja, sekunde chache, kitu kimeshika. Kinashika kweli. Kinashika kidole gumba na cha shahada, kinashika kifuniko chake chenyewe kisifunguke tena, kinashika kitambaa cha meza cha mwenye nyumba. Kisichoshikwa ni dumu. Sababu si uchakachuaji, ingawa uchakachuaji upo. Gundi ili ishike ni lazima kwanza itandae na kulowanisha inapopakwa, na ngozi ya poliethilini ni ya nta. Tone hujikunja juu yake na kutafuta pa kuteleza. Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyolifanya dumu liaminiwe kubeba mafuta ya kula leo na petroli ya bodaboda kesho. Mtu hawezi kulisifu dumu mwaka mzima kwa kutoshikwa na chochote, halafu Jumamosi moja akalilaumu kwa kuikataa gundi. Kinachotokea ni kwamba gundi inakauka na kuwa gamba, gamba linakaa kwa adabu wakati wa majaribio pale uani, kisha linabanduka lote dumu likiwa kichwani, nusu ya njia kutoka bombani. Kiraka cha namna hiyo ni kibaya kuliko tundu. Tundu mtu analijua, analikinga kwa kidole na kuharakisha. Kiraka kinampa imani. Na wale wanaopendekeza sabuni ya mche, kwa kuwa madereva huipaka kwenye tangi la mafuta linalovuja, wakumbuke kwamba petroli haiyeyushi sabuni lakini maji yanaiyeyusha. Kuipaka kwenye mtumbwi ni kuufulia mto nguo.

Plastiki ina ukoo, na ndoa zake ni za ndani ya ukoo. Pindua dumu, utaona chini yake alama ya pembetatu ya mishale yenye namba katikati. 2 ni poliethilini nzito, 4 ni poliethilini nyepesi, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC ya mabomba, 1 ni chupa ya maji ya dukani. Simtank na mtumbwi ni poliethilini laini kidogo kuliko ya dumu, lakini ni binamu wa karibu, na wakiyeyushwa pamoja huelewana. Shida inaanzia kwenye kiti cha plastiki, kile cha shereheni, ambacho kwa kawaida ni 5. Kinafanana na dumu kwa macho, kinaelea majini, kinayeyuka vizuri, kina kila sifa ya mchumba. Kiyeyushe juu ya dumu, ngoja kipoe, ukivute kwa kucha, kinatoka kizima pasipo kuacha hata kovu. Namba ikiwa imefutika, kata kichembe ukitupe kwenye kikombe cha maji. Kikizama, si wa ukoo huu, na mjadala umeisha. Kikielea, kikwaruze kwa ukucha: poliethilini hukubali alama, polipropilini ni ngumu zaidi. Kisha washa ncha kwa kiberiti na kuizima, ukiwa nje. Poliethilini inanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Kama harufu inachoma pua hiyo ni PVC, na iwekwe mbali na moto kabisa kwa sababu moshi wake una tindikali.

Kazi yenyewe haihitaji kiwanda. Ufa ufuatwe mpaka unapoishia kweli, maana una desturi ya kuendelea kimya kimya huku mwenye chombo anatazama katikati. Kila ncha itobolewe tundu dogo la duara: nguvu iliyokuwa ikirundikana kwenye ncha kali inatawanyika kuzunguka tundu, na safari ya ufa inakoma hapo. Kingo zikwanguliwe kwa kisu hadi plastiki mpya ing'ae, kwa kuwa ngozi ya juu imekwisha kuliwa na jua, na tope la Pangani haliyeyuki. Vikatwe vipande vyembamba, upana wa kidole cha mwisho, kutoka simtank iliyokufa. Sasa jiko la mkaa na bisibisi bapa iliyochakaa. Poliethilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, na makaa yanapita hapo mara kadhaa, hivyo bisibisi ikitoka nyekundu imeshaharibu kazi kabla ya kuianza. Kipimo ni moshi. Plastiki iliyoiva inalegea na kung'aa bila kutoa moshi. Ikifuka, inaungua, na iliyoungua haishiki. Bisibisi iguse kingo na kipande kwa wakati mmoja, viyeyuke vyote viwili, vikandamizwe. Wengi hukosea papa hapa: wanayeyusha kiraka peke yake na kukidondosha juu ya chombo kilicho baridi, jambo ambalo ni supaglu kwa jina jingine. Palipo na ufa mrefu, kipande cha wavu wa chuma wa dirishani kizamishwe ndani kabla ya tabaka la pili. Halafu kiachwe kipoe chenyewe. Fundi anayemwagia maji ya baridi ili mteja aondoke mapema anauza ufa wa pili.

Mtu wa pwani atasema haya yote ni mahangaiko, na kwamba mtumbwi wa mwembe ungekwisha kurudi majini. Ana hoja. Mbao ina huruma: ikilowa inavimba na kubana nafasi zake yenyewe, na pale inaposhindwa, mafundi wana pamba ya kukalafati, wana sifa ya papa na deheni. Plastiki haivimbi wala haikalafatiki. Pamba iliyosukumiziwa kwenye ufa wake inafanya kazi ya kabari na kuupanua. Hata hivyo pwani hiyo hiyo ndiyo iliyofundisha dawa nyingine, nayo ni kushona. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, na mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unataja vyombo vya kushonwa katika bandari ya Rhapta, ambayo baadhi ya wataalamu huiweka karibu na mdomo wa Mto Pangani huu huu na wengine huipeleka Rufiji. Fundi wa leo anayetoboa kiti kwa msumari wa moto na kukishona kwa waya ni mrithi halali wa kazi hiyo, ingawa hakuna aliyemwambia. Ila mshono unabeba nguvu, hauzuii maji. Anayeushona mtumbwi wa plastiki kisha akaushusha mtoni amejitengenezea chujio imara sana. Ashone kwanza, kisha ayeyushe juu ya mshono. Na kwa wazalendo wa Korogwe watakaouliza kwa nini waya wakati mkonge umejaa: mkonge umelilisha eneo hili tangu Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, tunaushukuru, lakini ukikaa majini unaoza. Ubaki kuwa wa kufungia.

Anayeshuku kwamba plastiki kuukuu inaweza kubeba watu na atazame Lamu. Mwaka 2018 jahazi la Flipflopi liliteremshwa majini pale, urefu wa mita 9 hivi, likiwa limeundwa kwa tani 10 hivi za taka za plastiki na kuvalishwa vipande vya ndala zipatazo 30,000, fundi mkuu akiwa Ali Skanda. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Bahari yenye mawimbi ililipokea. Itakuwaje mto wa Korogwe uukatae mtumbwi wenye viraka viwili?

Kuna pingamizi la mfukoni: ndoo mpya si ghali, kwa nini kuhangaika? Kwa ndoo, nakubali nusu. Lakini mtumbwi si ndoo, na simtank pia si ndoo. Hapo bei inamfanya mtu awe mwanafunzi mzuri wa namba zilizo ndani ya pembetatu. Zaidi ya hapo, ndoo iliyopasuka haitoweki. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019 na mifuko ikapungua. Ndoo na madumu hayakuguswa, na yakipasuka yanahamia kwa kuku, kisha kwa miche, kisha mtaroni, kisha mtoni, ambako yanaanza kuelea bila mwenyewe. Pingamizi la moshi ni zito zaidi, nami silipunguzi. Anayeziba ndani ya chumba, au anayewasha plastiki na kuacha matone ya moto yadondokee ufa, anajidhuru na kuharibu kiraka kwa pamoja. Dawa ya yote mawili ni moja: uani, upepo ukitoka mgongoni, na chuma kisicho chekundu.

Sehemu ninayokubali kushindwa kabisa ni uzee. Simtank huwa nyeusi kwa sababu masizi yaliyochanganywa ndani huikinga na jua, lakini mitumbwi ya hoteli ilipakwa uzuri: chungwa, njano, waridi. Ikikaa juani miaka mingi inapauka, inatoa unga mweupe mkononi, na ukiibonyeza inalia. Hiyo haizibiki. Kiraka kitashika vizuri mno, na ufa mpya utaanzia pembeni mwake kwa unyenyekevu. Kabla ya kununua chombo kilichotumika, basi, mtu apitishe kiganja juu yake kwanza. Kiganja kikitoka cheupe, amwachie muuzaji chombo na aulizie bei ya vifuniko vyake.

Chombo kikishazibika, huja tamaa ya kukirekebisha, na hapa ajali zinabadilika sura. Mtumbwi wa hoteli ulichorwa kwa ajili ya mtu aliyekaa, mwenye kofia na haraka hana. Mvuvi anasimama ili atupe wavu, na mto unampokea. Dawa ni marengu ya ngalawa, yale yale ya pwani, ila badala ya mbao ziwekwe fito zenye madumu yaliyofungwa vizuri pande zote mbili. Dumu tupu la lita 20 likizamishwa lote linasukuma juu kwa nguvu ya kilo 20, kasoro uzito wake. Madumu mengine yajazwe ndani, mbele na nyuma, na hili si pambo. Watu husema plastiki inaelea yenyewe. Inaelea, lakini kwa shida: mtumbwi wa kilo 30 ukijaa maji unabakiwa na uwezo wa kubeba kilo moja na nusu hivi, yaani kuku mmoja, na awe hajala. Kiti kikatwe kutoka dumu, kamwe kisifungwe kwa bolti chini ya mstari wa maji, kwa sababu kila bolti ni tundu jipya lenye kisingizio. Na rangi, kama gundi, haishiki. Atakayeandika jina kwa brashi atalisoma wiki chache, kisha herufi zitaanza kushuka moja moja, mpaka chombo kilichobatizwa Subira Yavuta Heri kitabaki kikiitwa Bira. Anaweza kupitisha moto wa gesi haraka haraka juu ya plastiki kabla ya kupaka, ili ngozi ya nta ibadilike na rangi ipate pa kushika. Kwa asiye na gesi, jina lichongwe kwa msumari wa moto. Ukuta wa chombo ni milimita chache tu, na kila herufi inachukua kidogo. Wenye majina marefu wayapeleke kwenye mabasi.