Notisi ya Kumhamisha Kiroboto

Kiroboto ni mpangaji wa ajabu. Halipi kodi, hana mkataba, na kabla hujamtambua ameshaleta ukoo mzima. Sisi tunaoishi na paka huku Tanga tunamjua vizuri: huingia mgongoni mwa paka, lakini nyumba anayoikalia ni yako. Nakuandikia namna ya kumpa notisi akahama, na paka wako akabaki hai.

Kwanza hakikisha kwamba yupo. Tandaza karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji kidogo, msimamishe paka juu yake, mchane kwa kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana, kuanzia kisogoni hadi kwenye shina la mkia. Vikidondoka vichembe vyeusi mithili ya pilipili manga iliyosagwa, subiri kidogo. Vikitoa rangi nyekundu ya kutu, hayo si mavumbi ya uani. Ni kinyesi cha kiroboto, na kinyesi hicho ni damu ya paka wako iliyokauka.

Sasa usikimbilie kumwogesha paka. Viroboto wazima unaowaona wakipenya manyoyani ni kama 5 tu katika kila 100. Waliobaki ni mayai, mabuu na mabundo, nao wamo mkekani, kwenye nyufa za sakafu, chini ya godoro, kwenye pembe za kochi. Jike akishakunywa damu hutaga hata mayai 40 kwa siku. Majike kumi, mayai 400 kabla ya magharibi ya kesho. Mayai hayo hayanati. Paka anapotembea huyamwaga njia nzima, kama mchukuzi aliyebeba gunia la mtama lenye tundu. Mabuu yakianguliwa hukimbilia gizani na kula kile kinyesi chenye damu. Kisha kila buu hujifunga ndani ya kifukofuko kinachonata, kikajipaka vumbi kisionekane, na humo mdudu aweza kukaa miezi akisubiri.

Anakusubiri wewe. Mtikisiko wa nyayo, joto la mwili na pumzi ndivyo vinavyomwamsha. Ndiyo maana watu hurudi kutoka kula sikukuu kijijini, wakafungua nyumba iliyofungwa majuma matatu, na kabla hawajatua mabegi miguu inawaka moto. Hakuna aliyewaroga. Wapangaji wamesikia kwamba mwenye nyumba amerudi.

Basi notisi ipeleke sakafuni. Toa mikeka, mazulia, mito na godoro nje, uvianike kwenye jua la saa sita, uvigeuze na upande wa pili. Buu la kiroboto linahitaji kiza na unyevu. Jua kali hulikausha. Hapa pwani hewa yenyewe ina unyevu mwingi, kwa hiyo kuanika mara moja kwa mwezi hakutoshi. Kitambaa anacholalia paka kifuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana. Fagia kila siku, hasa mahali ambapo fagio halifiki kwa mazoea: nyuma ya kabati, uvunguni, kwenye ufa ule wa saruji uliosema utauziba tangu mwaka jana. Uzibe. Takataka usiziache kwenye beleshi pembeni ya mlango. Zichome au zifunge ndani ya mfuko uzitoe siku hiyohiyo. Kazi hii iendelee miezi mitatu, kwa sababu waliomo vifukofukoni wataendelea kutoka mmoja mmoja hata baada ya wewe kudhani kwamba umewamaliza.

Paka naye achanwe kila jioni. Weka karibu bakuli la maji yenye povu la sabuni, na kila kitana kinapotoka na mdudu, kichovye humo. Kwenye maji matupu kiroboto huweza kuelea, lakini sabuni humzamisha. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kiroboto ana ganda gumu kuliko chawa, amebanwa ubavu kwa ubavu hivi kwamba huteleza kati ya kucha mbili. Bakuli linamshinda.

Hapa ndipo ninapokuomba unisikilize kwa makini. Neno "asili" limeua paka wengi. Ini la paka limepungukiwa uwezo wa kuvunja sumu nyingi ambazo mbwa na binadamu huzimudu, na kila unachompaka mwilini atakilamba. Mafuta ya karafuu, mafuta ya mkaratusi na mafuta ya mti chai ni ya asili, nayo ni sumu kwake. Mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa pia yasiguse manyoya yake. Kitunguu saumu kwenye chakula huharibu chembe nyekundu za damu, damu ileile unayotaka kuiokoa. Mafuta ya taa, ambayo bado watu huwapaka paka kwa kitambaa, huchoma ngozi na kuingia mapafuni.

Na pareto je, maua yale meupe yanayolimwa Molo na Mbeya? Sumu yake inaua viroboto kweli. Lakini kuna ndugu yake wa kiwandani, permethrini, anayewekwa kwenye dawa nyingi za mbwa, na huyo ni muuaji wa paka. Paka wangu, Kibibi, nilimpaka unga niliouziwa kwa maelezo kwamba mbwa na paka ni mamoja. Kufikia isha masikio yalikuwa yanacheza, kisha miguu, kisha mwili mzima ukawa unatetemeka. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikamfunga kwa kanga, nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Alitetemeka usiku wa kwanza na wa pili. Alipona, na tangu siku hiyo nasoma kila neno kwenye kopo. Kama halikuandikwa kwamba ni la paka, si la paka. Ukihitaji dawa, mpime paka uzito, umwambie daktari kilo zake na umri wake.

Watoto wa paka hawana muda wa kusubiri miezi mitatu. Viroboto wakizidi, damu huisha. Mfunue mdomo utazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, mpeleke kwa daktari leo. Na ukiona vipande kama punje za mchele karibu na mkundu wa paka, hao ni tegu. Hupatikana kwa kumeza kiroboto, basi dawa ya minyoo iende pamoja na fagio.

Kupe ni habari fupi. Paka hujilamba sana, hivyo kupe humpata mara chache, zaidi masikioni na shingoni. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumpinda, mtumbukize kwenye spiriti. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta akiwa bado ameng'ata. Unamchokoza atapike ndani ya jeraha.

Kwangu, wiki ya kwanza bakuli lilikuwa na viroboto kumi na saba. Wiki ya tano watatu. Wiki ya sita, baada ya mvua, wakapanda tena hadi tisa, nikatoa godoro nje upya. Jana jioni nililowesha karatasi, nikamchana Kibibi kutoka kisogoni hadi mkiani, nikasubiri. Alikuwa ameshalala juu yake. Nilipomwinua, karatasi ilikuwa nyeupe.