Ushauri Bure, Mkaa Wangu

Wewe jaribu tu. Siku ukitaka kujua kwamba kichwani mwako hamna kitu, nunua kuku, washa jiko la mkaa uani kwenye nyumba ya kupanga, halafu kaa kimya. Watakuja wenyewe. Wenye kanga, wenye taulo, wenye mswaki mdomoni. Kila mmoja ana sheria yake ya mishkaki, na zote zinakuhusu wewe.

Mimi nilikuwa na sababu zangu bwana. Yule jamaa anayechoma pale kijiweni kwa bodaboda, mshkaki wa kuku anauza buku. Buku nzima! Ukiuangalia vizuri unakuta vinyama vitatu, katikati kitunguu, juu kapachika pilipili hoho ionekane mzigo umejaa. Nikapiga hesabu ya kichwani, maana hesabu zangu kwenye karatasi huwa zinagoma. Kuku mmoja ana vidari, ana mapaja, ana na hivi vingine. Hapo si vijiti arobaini? Huyu mtu anatuibia mchana kweupe na tunamwambia asante. Nikamtangazia mama watoto: Jumapili hapa kwetu tunachoma wenyewe. Akaniangalia. Hakusema kitu. Kama umeoa, unaielewa hiyo.

Sokoni muuzaji ananiuliza, wa kisasa au wa kienyeji? Mimi nikaona hapa nisijishushe. Nikasema wa kienyeji, tena jogoo. Akauliza wa kupika nini. Nikamwambia mishkaki. Yule bwana akaacha kazi, akamwita mwenzake wa meza ya tatu, "Oya, njoo umsikie mzee hapa." Mzee! Juzi juzi tu mtu kaniita kijana kwenye daladala. Wakanifafanulia kwa zamu, kwa sauti, na wateja wengine wamesimama wanasikiliza. Kwamba kienyeji kutwa nzima anakimbizana na maisha, nyama yake imekomaa, huyo wa sufuria na moto wa taratibu. Nikimtia kijitini nitatafuna mpaka Jumatano. Wa mishkaki ni wa kisasa, yule wa wiki tano tu duniani, hajawahi kutembea wala kugombana na mtu. Nikachukua wa kisasa. "Nikukatekate?" Nikajibu hapana, nakata mwenyewe. Sijui nani aliniuliza kwa ubaya mpaka nikajibu vile.

Sasa kisu chetu ni kimoja, na hicho hata nyanya kinaikata kwa kubembelezwa. Kidari sikukisumbua sana, nyama tupu ile. Balaa ni paja. Unalishika, linateleza. Unapitisha ncha ya kisu pembeni ya mfupa kama ulivyomwona mtu wa kwenye tivii akifanya, mfupa unageuka na nyama yake yote unakwenda nayo. Ukivuta ngozi, inakuja na kidole chako. Moja lilinichomoka likaenda hadi miguuni kwa paka wa mwenye nyumba, na yule paka wala hakukimbia nalo, alinitazama kwanza. Mwisho wa siku nilipata vipande. Vingine ukubwa wa kiberiti, vingine ukubwa wa jino. Mama mwenye nyumba akachungulia beseni akasema, "Baba, vipande viwe sawasawa. Hivi vidogo vitakauka, hivi vikubwa ndani bado vinatoa damu." Sawa mama. Nikavikata vile vikubwa. Vikawa vidogo kuliko vidogo.

Kuosha nako ni kesi. Kuna dogo mmoja wa chuo, amepanga chumba cha uani, yule kila kitu anakijua na kodi halipi. Akasema nisimwoshe kuku mbichi, wataalamu wamekataza, maji yanaruka na bakteria wake wanakwenda kwenye vyombo na mikono, niwaache watauawa na moto hukohuko jikoni. Akina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Kwa hiyo sisi tuliolelewa na kuku wa kuoshwa na ndimu tumekufa?" Mimi nimesimama katikati na beseni. Nikimsikiliza dogo, nitaitwa mchafu mpaka nihame. Nikaosha. Dogo akasogeza ndoo yake ya maji mbali na mimi, polepole, bila neno. Hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Ikaja habari ya viungo. Mama mwenye nyumba ni mtu wa Unguja, na kwenye mishkaki hana mjadala. Anasema Forodhani anaijua kabla haijakarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2009, kwa hiyo asitokee mtu wa bara akamfundisha. Yeye anasema papai bichi. Unalisaga na maganda yake, unapaka. Jirani wa mbele akasema papai la nini kwa kuku, weka mtindi na binzari. Mwingine tangawizi na kitunguu swaumu, basi, na ndimu ya kutosha. Sasa nimkatalie nani? Mmoja ana nyumba, mwingine ananikopesha chumvi, wa tatu mume wake ni mjumbe. Nikaweka vyote. Papai, mtindi, ndimu, tangawizi, swaumu, pilipili manga, mafuta kidogo. Beseni likatoa povu.

Dogo akarudi. Akasema papai bichi lina kimeng'enya kinaitwa papaini, kazi yake kuvunjavunja protini, ndiyo maana nyama ya ng'ombe mgumu inalainika. Ila huyu kuku ni laini kutoka kwao, na ndimu ipo, na mtindi upo, kwa hiyo asikae humo muda mrefu. Mama mwenye nyumba akamwambia hicho kimeng'enya chake akakae nacho chuoni. Mimi nilitaka kumsikiliza dogo, kweli kabisa, lakini nyama naitoaje beseni na moto haujawaka?

Maana mkaa wenyewe ulikuwa na unyevu. Napepea, unatoa moshi. Napepea, unalia pwaa pwaa, cheche zinaruka kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Hapo nikaambiwa uhalifu mwingine. Dogo anasema serikali ina mkakati, ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Nikamwambia mimi nimo kwenye ile 20 iliyobaki, na sisi pia tuna haki zetu. Nikamiminia mafuta ya taa. Moto ukapanda mpaka kwenye kamba, nikaona sasa twende. Wapi! "Wewe, unataka tule taa?" Kumbe unasubiri ile harufu iishe yote, miali ilale, makaa yavae majivu meupe juu, ndipo uweke nyama. Kwenye miali nyama inaungua nje huku ndani mbichi. Haya. Tukasubiri. Na papai nalo kule beseni halikusubiri, liliendelea na kazi yake.

Nakwenda kutunga nyama, nyama haipo. Yaani ipo, lakini imekata tamaa. Ukiishika inaachia. Vile vipande vya ukubwa wa jino vilikuwa vimeshageuka rojo, na vingine nikitia kijiti vinapasuka katikati vinarudi beseni. Nikawa natunga kwa kubana na vidole. Na humo ndimu imeingia kwenye kidole kile nilichokikata. Niliimba.

Halafu vijiti. Hivi huyo anayeuza vijiti vya mianzi, anashindwa nini kuandika kwenye pakiti kwamba vinalowekwa kwenye maji nusu saa kabla? Si angeandika tu? Vyangu vilikwenda jikoni vikavu. Vikashika moto kuanzia mkiani. Unataka kugeuza mshkaki, unashika mkaa. Kingine kilikatika, nyama ikaanguka jikoni ikapotelea kwenye majivu. Mtoto wa jirani akaiokota kwa koleo, akaipuliza, akala. Huyo ndiye wa kwanza kusema ni tamu, na nilimpenda kuliko wangu.

Sasa harufu ikatoka. Hapo ndipo mipango ya watu inapovunjika, nakuambia. Kwenye nyumba ya kupanga harufu ni mwaliko. Huwezi kumvutisha mtu moshi wako asubuhi yote halafu ule peke yako ndani umefunga mlango, hata shetani haruhusu. Wakaanza kutokea watoto ambao sijawahi kuwaona, wana sahani zao. Mpangaji wa chumba cha pembeni, ambaye hatusalimiani tangu ile kesi ya luku, akatoka, akasema, "Habari ya asubuhi jirani." Saa nane mchana.

Nikahesabu vijiti kwa macho. Nikahesabu watu. Nikaingia ndani kimyakimya nikachukua vitunguu. Nikachukua na hoho. Kila kijiti nikawa naweka kinyama, kitunguu, kinyama, hoho. Watu wakazidi. Nikawa naweka kinyama, kitunguu, hoho, kitunguu. Mama watoto alikuwa pembeni anakata kachumbari, akauliza bila kuinua kichwa, "Mbona hiyo ni bustani?" Nikajifanya napepea.

Na kuiva utajuaje? Dogo anasema kuku mpaka ndani afike nyuzi joto 74. Nani hapa ana kipimajoto? Basi jirani wa mbele akajitolea kukagua. Anachukua mshkaki, anapasua kipande kikubwa, anaangalia kama maji yake ni meupe na nyama haina wekundu, anakila. "Huu tayari." Anachukua mwingine. Anapasua. Anatikisa kichwa, "Huu sina hakika," anakila pia ili awe na hakika. Nikamwambia dada, nadhani tumeelewana. Akasema afya za watoto hazichezewi.

Katikati ya hapo akasimama mtu getini, simjui, ana helmeti mkononi. "Kaka, nipe miwili, weka pilipili." Uani kote kimya. Nikasema siuzi. Akasema acha utani, nina njaa. Nami mkono wangu sijui ulitumwa na nani, ukachukua miwili ukampa. Akaila palepale. Akauliza nyama iko wapi. Akanipa buku moja kwa yote miwili, akasema hata hiyo ananihurumia, na nimwambie mke wangu apunguze tangawizi. Buku yenyewe mama watoto aliichukua kabla sijaikunja, ya steelwaya, anasema.

Steelwaya kwa sababu wavu ni wa kuazima. Wa yule mpangaji wa kesi ya luku, ndiyo maana nakwambia dunia haina huruma. Niliula mshkaki mmoja, wa hoho. Ukwaju wa kuchovya ulikuwa umekwisha. Wote wameshajifuta midomo wamelala mchana, mimi nimekaa kwenye kigoda na majivu na steelwaya, nasugua nyama iliyoganda kwenye vyuma, na mwenye wavu amenisimamia ameshika kiuno anasema "hapo bado, na hapo, na hapo." Dogo wa chuo akapita na ndoo yake kwenda kuoga. Akasimama. Akasema ningepaka mafuta kwenye wavu kabla ya kuweka nyama, wala isingeganda.

Kabla! Na alikuwa hapa tangu asubuhi.